R36S, RG35XX H na Retroid Pocket 3+: kore nane zisikutie wazimu

Kama unachotaka ni Tekken 3, Winning Eleven na Mario, nunua ya bei ya chini kabisa, R36S, kati ya hizi mashine tatu za mkononi za kuchezea gemu za zamani, chenji kale pweza. Kama unataka God of War ya PSP, ile PlayStation ya mkononi, hapo ndipo prosesa, yaani ubongo wa mashine, inapoanza kukudai. Na kama roho yako iko kwenye PS2, hakuna hata moja kati ya hizi nitakayokushauri, hata muuzaji akikuapia kwamba inacheza.

Hizi tatu zimezunguka nyumbani kwetu hapa Mtwara tangu msimu wa korosho uliopita. R36S ni ya mpwa wangu, RG35XX H ya Anbernic ni yangu, na Retroid Pocket 3+ ni ya kaka yangu anayefanya kazi Lindi. Kila akija anaiweka mezani, na hapewi tena mpaka siku anayoondoka. Kwa hiyo gemu ileile tumeicheza kwenye mashine zote tatu, na tofauti tumejionea wenyewe.

Ubishi aliuanzisha mpwa wangu. "Mjomba, ile ya mjomba wa Lindi ina kore nane. Hizi zetu nne nne. Si ina maana ile ni mara mbili?"

Kore ni vichwa vya kufanya kazi ndani ya prosesa, lakini wingi wake hauna maana hiyo, na hapa ndipo watu wengi wanapoliwa hela. R36S inatumia chipu ya Rockchip RK3326 yenye kore nne za Cortex-A35 zinazokimbia GHz 1.5. RG35XX H inatumia Allwinner H700, kore nne vilevile, GHz 1.5 vilevile, ila zenyewe ni Cortex-A53. Chipu ya picha ni Mali-G31 kwa zote mbili, RAM GB 1 kwa zote mbili, kioo inchi 3.5. Ukisoma maandishi ya boksi utadhani ni mapacha. Ukizishika, H700 inamwacha mwenzake, kwa sababu GHz inakwambia saa ya chipu inapiga mara ngapi tu, haikwambii kazi kiasi gani inamalizika kila inapopiga. A35 iliundwa kwa kubana matumizi ya umeme, A53 ikapewa nguvu zaidi. Halafu RAM ya RG35XX H ni LPDDR4, na ya R36S ni ya kizazi cha nyuma, DDR3.

Retroid ina Unisoc T618. Kore nane ni kweli zipo, lakini sita kati yake ni Cortex-A55, ndogo tu. Zinazobeba mzigo ni mbili za Cortex-A75 zenye GHz 2. A75 ina akili moja ambayo hizo nyingine hazina: amri ikikwama kusubiri data, yenyewe inaendelea na amri za mbele ambazo ziko tayari. A35, A53 na A55 zinakaa foleni mpaka ile iliyokwama ipite.

Kwa nini kore nyingi hazisaidii? Emuleta, ile programu inayoigiza mashine ya zamani ili gemu zake zicheze kwenye hizi, ni kama mkalimani kwenye mkutano: mgeni anasema sentensi, mkalimani anaigeuza, mgeni anasema nyingine. Ukimletea wakalimani saba wa ziada, mkutano hauishi mapema. Unachohitaji ni mmoja mwenye ulimi mwepesi. PlayStation, Nintendo 64 na PSP zote zina prosesa za ukoo wa MIPS, na vifaa vyetu hivi ni vya ukoo mwingine, ARM, kwa hiyo kila amri ya gemu lazima igeuzwe kwanza. Tena igeuzwe kwa wakati: gemu ya fremu (picha) 60 kwa sekunde inaipa mashine milisekunde 16.7 tu kwa kila fremu. Ikichelewa, kabla hata macho hayajaona kitu, sikio linasikia. Muziki unaanza kukatikakatika. Mimi siku hizi nikitaka kupima mashine nafumba macho kwanza.

Kwenye PlayStation ya kwanza hakuna cha kubishania. Ile mashine ilitoka Japani Desemba 1994 ikiwa na prosesa ya takriban MHz 34, na emuleta ya PCSX ReARMed imechongwa mahususi kwa chipu za ARM dhaifu. Tekken 3 kwenye R36S inateleza. Eddy, mmoja wa wapiganaji wake, anazunguka miguu juu, sauti safi, kitufe ukibonyeza mtu anapiga saa hiyohiyo. Tumeicheza kwenye Retroid baada ya hapo na, ukiacha kioo kikubwa, sikuona nilichoongezewa. Super Nintendo, Sega na Game Boy Advance ndio usiseme.

Nintendo 64 ikaanza kututenga. Prosesa yake ni MHz 93.75, ungesema mchezo wa kitoto, lakini ndani kuna chipu nyingine ya picha na sauti ambayo watengenezaji wa gemu waliweza kuiandikia maagizo yao wenyewe, na kuiiga hiyo ni kazi. Mario Kart 64 inakwenda kwenye zote tatu. GoldenEye kwenye R36S ni mateso: unageuka kumtafuta adui, picha inafika baadaye, umeshapigwa. Kwenye H700 inachezeka ukiwa na uvumilivu. Kwenye T618 tumecheza bila kulalamika.

PSP ndiyo mtihani wenyewe, na ndiyo watu wengi wanayoitaka. Gemu nyepesi, za kuchorwa kwa pande mbili, hata R36S inajitahidi. Tukaweka God of War: Chains of Olympus, mojawapo ya gemu zilizoruhusiwa kutumia MHz 333 zote za PSP. Pale mwanzoni, Attica, lile joka linapotoa kichwa, R36S iligeuka maonyesho ya picha za mnato. Mpwa wangu akaizima mwenyewe bila kusema neno. Kwenye RG35XX H yangu joka linatoka, lakini Kratos, shujaa wa gemu, anazungusha minyororo taratibu kama yumo majini na sauti inaburuta. Nikaamuru emuleta iruke fremu. Kasi ikapanda kidogo, macho yakauma. Kwenye Retroid, kwa ukubwa uleule wa picha za PSP, tulimpiga joka mpaka mwisho. Hapo nikakubali kwamba kaka yangu hakutupa hela.

Lakini alipojaribu kutuonyesha San Andreas ya PS2, tukacheka. PS2 ina prosesa ya MHz 295 tu, ila pembeni yake kuna vitengo viwili vya kukokotoa vinavyofanya kazi pamoja naye kwa wakati mmoja, na kumbukumbu ya picha yenye kasi ya kutisha. T618 inaweza gemu chache nyepesi za PS2. Lakini kwenye San Andreas, shujaa wake CJ akipanda baiskeli tu, mji mzima wa Los Santos unatembea kama umetoka kula ugali. Ukiona tangazo linasema mashine ya T618 ni "ya PS2", uliza gemu gani, na uonyeshwe ikichezwa pale pale.

Mambo mengine mafupi. Chaji R36S na RG35XX H kwa waya wa kawaida wenye kichwa cha USB kipana na chaja ndogo ya volti 5. Chaja za kisasa za kichwa cha C pande zote mbili mara nyingi zinagoma, na utadhani mashine imekufa. Ukiwa na sola ya nyumbani yenye tundu la USB umemaliza, umeme ukatike usikatike. Kadi iliyokuja na R36S haikuwa na jina la kampuni, ikafa na kumbukumbu zote za mpwa wangu za Final Fantasy. Siku unayopokea mashine, nakili vilivyomo kwenye kadi ya maana. Na hizo gemu maelfu zilizojazwa humo, ujue bado zina wenyewe kisheria, muuzaji hakuwalipa. Sokoni pia kuna nakala za R36S zenye vipuri hafifu kuliko nilizotaja, kwa hiyo bei ikiwa chini mno, jihadhari.

Ningekuwa nanunua leo nisingechukua ya katikati. Ningechukua R36S kwa PlayStation 1 na kurudi nyuma, au ningeruka moja kwa moja kwenye Snapdragon 865, chipu ya simu za juu za 2020 ambayo Retroid Pocket 5 inaitumia na ambayo PS2 inaiweza vizuri. Na kabla ya kuagiza hiyo Pocket 5, pita kwanza kwa wauza simu za mtumba. Simu yenye 865, au hata 855, ukiibana kwenye padi ya simu, ina nguvu ileile au inayokaribia. Soma jina la chipu kwanza, maana simu ya jina lilelile inaweza kuwa na Exynos ikiuzwa nchi moja na Snapdragon ikiuzwa nchi nyingine, na kwa emuleta ya PS2 chipu ya picha ya Snapdragon ndiyo inayoelewana nayo zaidi. Kaka yangu ameshaanza kuulizia bei huko Lindi, na mpwa wangu ameshaanza kuulizia hiyo Retroid ataachiwa nani.