Mfuko wa kinga njaa jikoni mwa mjini: unaokoa kiasi gani kwenye unga wa mwezi?

Mfuko wa kinga njaa, wenye nembo ya PICS, ni mfuko usiopitisha hewa wa kuhifadhia nafaka, na ulitengenezwa kwa ajili ya mkulima. Asili yake ni utafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, uliofanyika Kameruni mwishoni mwa miaka ya 1980 ili kunusuru kunde zisiliwe na wadudu. Hapa tunaupima kwa jicho la mnunuzi, yaani familia ya mshahara jijini Dar es Salaam ambayo bajeti yake ya chakula hutoboka mahali palepale kila mwezi: unga wa kununua kilo moja moja kwa mangi.

Kwa kuuangalia, mfuko una matabaka matatu. La nje ni salfeti ya kawaida. Ndani yake kuna mifuko miwili ya plastiki nzito, mmoja ndani ya mwingine, kila mmoja unene wa mikroni 80. Hauna dawa yoyote. Fukusi ni kiumbe anayepumua. Akifungiwa humo anaimaliza oksijeni iliyopo, anaacha kula, anaacha kuzaa, kisha anakauka na kufa. Kwa chakula kinachokaa chumba kimoja na watoto, hili peke yake linautofautisha sana na vidonge vya kufukiza, ambavyo gesi yake inaua watu na havifai kabisa kuwekwa ndani ya nyumba.

Twende kwenye hesabu ya kununua mahindi wakati wa mavuno, kuyahifadhi humo na kuyasaga mwenyewe. Familia ya watu watano inayokula ugali mara moja kwa siku humaliza takriban kilo moja ya sembe. Mahindi kilo 50 yakikobolewa na kusagwa hutoa sembe ya kilo 37 hivi, kutegemea mashine na ukavu wa mahindi. Inayobaki ni pumba. Maana yake kiroba kimoja cha kilo 50 kinalisha nyumba siku 37. Kuanzia Septemba hadi mwisho wa Februari ni siku 181, kwa hiyo viroba vitano vinatosha kukuvusha kwenye miezi ambayo mahindi hupanda bei, ikiwemo Januari yenye ada na sare za shule.

Tuseme mahindi Julai ni shilingi 600 kwa kilo. Kilo 50 ni 30,000, mfuko 4,000, usafiri 3,000, kukoboa na kusaga 6,000. Jumla 43,000, sawa na shilingi 1,162 kwa kilo ya sembe. Kama mangi anauza kilo moja kwa shilingi 1,600, kilo hizo 37 zingekugharimu 59,200. Tofauti ni 16,200 kwa kiroba, na kwa viroba vitano ni 81,000. Msimu wa pili mfuko unao tayari, gharama inashuka hadi 1,054 kwa kilo. Weka bei za mtaa wako mahali pa hizi kabla hujatoa hela. Mwaka ambao pengo kati ya bei ya Julai na ya Januari ni dogo, faida inaweza kuliwa yote na usafiri. Na usisahau pumba. Mfugaji wa kuku jirani atazinunua.

Ushauri wetu mkubwa ni huu: nunua mifuko ya kilo 50, achana na ya kilo 100. Mkulima anafaa kutumia mkubwa kwa sababu anaufungua siku ya kuuza. Mlaji akiwa na mfuko mkubwa atachota wiki hii, atachota wiki ijayo, na kila anapofungua hewa mpya inaingia na wadudu waliobaki wanapata nafuu. Ukiwa na mdogo, unaukata kamba mara moja, mahindi yote yanakwenda mashineni, unga unaingia kwenye ndoo yenye mfuniko, basi. Hakuna kufunga tena. Baadhi ya malalamiko ya kwamba mifuko hii "haifanyi kazi" chanzo chake ni kufunguliwa kila siku, na kilo 50 inaliondoa tatizo hilo bila kumwomba mtu awe na nidhamu ya ajabu.

Mavuno ya Nyanda za Juu Kusini (Mbeya, Songwe, Rukwa, Iringa, Njombe, Ruvuma) huanza kuingia sokoni kati ya Mei na Agosti. Tandale ndiko sehemu rahisi ya kuyapata kwa wingi jijini, na mashine za Manzese haziko mbali. Mshahara hauruhusu kununua viroba vitano kwa mkupuo, kwa hiyo gawa: kimoja Juni, viwili Julai, viwili Agosti. Kwa bei za mfano wetu, mwezi wa viwili unahitaji 74,000 pamoja na mifuko na usafiri. Hela ya kusaga italipwa siku ya kusaga. Nunua kwa kilo, kwenye mzani wenye stika ya Wakala wa Vipimo. Debe ni ujazo, na debe la mahindi mabichi lina uzito wa maji ndani yake.

Hapo kwenye maji ndipo pesa za watu wengi hupotea. Mfuko huu unaua wadudu, haukaushi chochote. Mahindi yenye unyevu yakifungwa humo hayana pa kupumulia, yanavunda na kuota ukungu, na ukungu ndio unaoleta sumukuvu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na hakuna mfuko wala moto wa jikoni unaoiondoa ikishaingia kwenye punje. Jaribio la chumvi ni rahisi. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia mahindi hadi robo yake, ongeza kijiko cha chumvi kavu, funga na utikise vizuri, kisha iache dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15. Rudisha mahindi juani. Isiponata bado ni vyema kuanika siku moja zaidi, kwa sababu kiwango salama cha kuhifadhi ni asilimia 13 hivi. Anika juu ya turubai, geuza kila baada ya saa moja au mbili, anua kabla ya umande. Kwa hewa ya pwani, mahindi yaliyoachwa wazi usiku kucha hunywa unyevu upya.

Kabla ya kujaza, kagua mifuko ya plastiki kwa kuipuliza: kusanya mdomo wake, jaza hewa, bana, sukuma mkono juu yake. Ikinywea kuna tundu. Pepeta mahindi uondoe vipande vya gunzi, mawe na vijiti, maana ncha ndogo tu inatoboa. Jaza mfuko wa ndani kidogo kidogo huku ukiutikisa ushuke, ukibakiza kama sentimita 30 za kufungia. Gandamiza juu ya mahindi hewa itoke, sokota shingo ya plastiki mpaka iwe ngumu kama kamba, ikunje chini, ifunge kwa mpira wa tairi la baiskeli. Fanya hivyo kwa mfuko wa pili, kisha salfeti. Watu husokota yote mitatu kwa pamoja ili kuokoa muda. Shingo inabaki na mikunjo, na hewa hupita humo.

Weka juu ya chaga au mbao, usiegemeze ukutani, usiburuze sakafuni. Panya ndiye adui ambaye mfuko huu hauna jibu kwake. Chumba chenye panya kishughulikie kwanza, ama tumia pipa la plastiki lenye mfuniko wa kubana. Dumuzi, yule mdudu anayeitwa Scania, naye ana meno ya kutoboa plastiki kutokea ndani. Mahindi yenye unga mwingi wa kutafunwa usiyanunue, hata kwa bei ya kutupa.

Kwenye maharage tunausifu kwa kiasi. Kinga dhidi ya fukusi ni nzuri mno, lakini maharage yakikaa miezi mingi kwenye chumba chenye joto huwa magumu kuiva, na shilingi uliyookoa sokoni inarudi kwenye mkaa au gesi. Kwa Dar es Salaam nunua ya miezi mitatu, minne, na loweka usiku kucha. Unga usiuweke humo kwa kuhifadhi muda mrefu. Dona hasa, kwa kuwa kiini chake cha mafuta kimesagwa pamoja, huanza kuchacha mapema. Saga ya wiki mbili. Sembe inastahimili mwezi na zaidi.

Nani asinunue? Nyumba inayokula wali siku nyingi kuliko ugali, anayeishi chumba kimoja kisicho na kona kavu, na yeyote ambaye angelazimika kukopa kwa riba ili apate mahindi ya Julai. Kwa wengine wote, mfuko uko imara na bei yake ni ya haki. Upatikanaji ndio kasoro: maduka ya pembejeo ya mijini hayana wa kilo 50 kila wakati, na ukichelewa hadi Agosti unaweza kuambiwa umeisha. Nunua mifuko Mei, kabla ya mahindi.

Mfuko ukishatumika, ukung'ute, upanguse ndani kwa kitambaa kikavu, uuanike kivulini, upime tena kwa kupuliza. Tundu dogo huzibwa kwa utepe wa nailoni wenye gundi pande zote mbili za plastiki. Plastiki iliyotoboka zaidi ya hapo itolewe. Salfeti yake bado inafaa kubebea mkaa.