Ukungu kwenye siga: kwa nini nimeacha sanduku la mbao hapa Dar

Nimehifadhi siga (sigara nene zilizoviringwa kwa jani la tumbaku) kwenye sanduku la mbao, lile la mfuniko wa kioo na sifongo ndani, na sasa nazihifadhi kwenye kontena la plastiki linalofunga kwa kubana, pamoja na vipakiti vya Boveda vya kudhibiti unyevu. Kwa anayeishi Dar, Tanga, Mombasa au Unguja, nasema bila kusita: nunua la plastiki.

Tatizo ni hali ya hewa yetu. Masanduku yale hutengenezwa yakilenga nchi za baridi, ambako majira ya kuwasha vipasha joto hewa ya nyumbani hukauka na jani la siga hupasuka. Huko kazi ya sanduku ni kuongeza unyevu, ndiyo maana linakuja na sifongo ya kulowesha na maelekezo ya kufikisha asilimia 70. Pwani mambo ni kinyume. Wakati wa masika unyevu wa asubuhi hupita asilimia 80, na joto halipungui. Unyevu ukikaa juu ya 70 na kitu, ukungu unaanza kuota, na joto letu linauharakishia kazi. Halafu mbao inapitisha hewa. Mfuniko haubani sawasawa, kioo kimebandikwa tu, kwa hiyo hewa ya nje inaingia inavyotaka. Ongeza hapo sifongo iliyolowa.

Kwenye sanduku langu ukungu ulianzia kwenye hiyo sifongo, ukahamia kwenye pembe za mbao, ndipo ukafika kwenye siga. Zilikuwa siga nzuri ambazo shemeji aliniletea kutoka Maskati, na iliniuma sana.

Wapo wavutaji watakaokwambia weupe ule ni mafuta ya jani, dalili kwamba siga imekomaa. Mimi sikubali. Ukiona vinyweleo, madoa ya duara, rangi ya kijani au ya bluu, na ukisikia harufu ya godoro lililolowa, huo ni ukungu. Ukiwa juu ya jani la nje tu, naupangusa kwa kitambaa kikavu nikiwa nje ya nyumba, na siga hiyo naitenga na wenzake. Ukiwa umeingia kwenye ncha ya kuwashia, pale tumbaku ya ndani inapoonekana, naitupa, hata iwe ya bei gani. Sioni sababu ya kuvuta moshi wa kuvu.

Mbao yenyewe niliipangusa kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 70 (ya 90 na zaidi hukauka kabla haijafanya kazi), nikaipiga msasa, nikaianika juani. Mvua ziliporudi, madoa yalirudi palepale. Mizizi ya ukungu ikishaingia ndani ya mbao, kuitoa ni kazi ngumu mno.

Kontena la plastiki nilinunua Kariakoo, la kawaida la kuwekea chakula, lenye mpira kwenye mfuniko na vibanio pande nne. Kabla ya kulilipia nilimwomba muuzaji maji kidogo, nikayatia ndani, nikafunga, nikaligeuza kichwa chini. Halikuvuja hata tone. Nyumbani nililiosha kwa sabuni isiyo na manukato na kuliacha wazi hadi harufu ya plastiki ikaisha, kwa sababu siga hunyonya harufu yoyote iliyo karibu nayo. Chini nimelaza vibao vyembamba vya mwerezi.

Vipakiti vya Boveda ndivyo vilivyonishawishi. Ndani yake mna maji na chumvi, na ngozi yake inapitisha mvuke tu: hewa ikikauka vinatoa unyevu, ikizidi vinafyonza. Vinauzwa kwa namba, yaani asilimia ya unyevu vinayoishikilia. Kwa Pwani chukua 65, au 62 kama chumba chako kina joto sana. 72 waachie wenye hewa kavu. Kimoja cha gramu 60 kinatosha siga 25 hivi. Ila visipofungiwa vizuri vitajaribu kukausha hewa ya Dar yote, vitavimba maji na kuacha kufyonza, ndiyo maana nasisitiza kontena libane.

Kipima unyevu nacho usikiamini kabla ya kukijaribu. Weka chumvi ya mezani kwenye kizibo, ilainishe kwa matone ya maji mpaka iwe kama uji mzito, ifungie pamoja na kipima kwenye mfuko usiopitisha hewa, usubiri hadi kesho yake. Kinapaswa kusoma 75. Changu kilisoma pungufu, na sasa najua cha kujumlisha.

Tangu nihamie kwenye plastiki sijaona doa hata moja, na masika yamepita. Kontena nimeliweka ndani ya kabati, mbali na kiyoyozi: ubaridi ukija na kuondoka, plastiki hutoa jasho kwa ndani, na jasho hilo likigusa siga shida inaanza upya. Nalifungua mara mojamoja hewa ibadilike, nikichagua mchana wa jua na si asubuhi ya mvua.

Kasoro ninayoiona ni upatikanaji. Vipakiti sijavikuta madukani ninakopita, kwa hiyo naagiza kwa wanaosafiri. Navihifadhi kwenye mfuko wake uliofungwa hadi siku ya kuvitumia, na nawaambia waziwazi wanaoniletea: 65, wasikubali 72 hata muuzaji akisema ni zilezile.