Koili ya kufufua nyuzi za tangi la petroli: uzoefu wangu

Tangi la pikipiki yangu ya Triumph ya miaka ya 1960 lilikuwa limelika nyuzi za koki (bomba dogo la kufungulia petroli), koki inazunguka tu bila kukaza, na petroli inachuruzika juu ya injini yenye moto. Nikanunua seti ya koili: biti, tepu ya kukatia uzi, koili zenyewe (waya za chuma zilizosokotwa kama springi, zinazokaa ndani ya tundu na kuwa uzi mpya) na kifaa cha kuziingizia. Kazi yake nimeipenda sana, lakini kuna jambo ambalo karatasi ya maelekezo haisemi: koili hurudisha uzi, haizuii mafuta. Petroli hujipenyeza nyuma yake na kuteremka kwa kufuata mzunguko ule ule wa uzi. Lazima upake upande wa nje wa koili gundi ya kuzibia nyuzi inayostahimili petroli, kisha uiache ikauke vizuri. Silikoni ya kawaida hulainika ikiguswa na petroli, na utepe mweupe wa mafundi bomba hukatika vipande vinavyoishia kwenye jeti (vitundu vyembamba vya kupitishia petroli) za kabureta.

Kabla ya kuagiza, pima uzi. Pikipiki nyingi za Uingereza za enzi hizo zina BSP (kipimo cha Uingereza cha nyuzi za mabomba) ya robo inchi, nyuzi 19 kwa inchi, kipenyo cha nje 13.157 mm. NPT, kipimo cha Marekani cha nyuzi za mabomba, ya robo inchi ina nyuzi 18 na imechongoka. Kwa macho huwezi kuzitofautisha kirahisi, na koki ya NPT ikilazimishwa humo hula nyuzi za tangi. Nadhani matangi mengi yamekufa hivyo.

Usalama ndio ninaousisitiza zaidi. Tangi tupu lenye mvuke wa petroli ni hatari kuliko lililojaa. Nililiosha kwa maji na sabuni tena na tena, likapata hewa, na biti na tepu nikazizungusha kwa mkono, kwa kuwa drili ya umeme hutoa cheche. Mifereji ya tepu niliijaza grisi ili ishike chembe za chuma. Ule ulimi mdogo wa koili unaovunjwa mwishoni, hakikisha umeutoa tangini.

Kinachozuia mafuta hasa ni uso wa mdomo wa tangi. Wangu ulikuwa na mabonde. Nikausawazisha kwa tupa laini, nikaweka washa ya chuma yenye mdomo wa mpira ndani. Kama petroli yako ina ethanoli, chagua mpira wa Viton. Kukaza kwa nguvu hakuongezi chochote, huukata mpira tu. Nililijaza, nikatandika karatasi chini ya koki usiku kucha: kavu kabisa.

Ikiwa mdomo wa tangi umepasuka, usinunue seti hii. Hiyo ni kazi ya fundi wa kuchomelea anayejua kusafisha matangi ya mafuta.