Kampuni ya safari ipimeni kwa siku ya mwisho

Watu wameniuliza sana kama hii kampuni ya safari za vikundi naipendekeza, jibu ni ndiyo, na sababu kubwa ni siku ya mwisho tu. Hoteli za kawaida, basi safi, matembezi mazuri ila siku nyingine tulikimbizwa mno. Sasa siku ya mwisho ndipo kampuni nyingi hukuacha solemba, hela wameshakula, kiongozi anawaza kundi linalokuja, nyie mnatolewa vyumbani asubuhi na ndege ni usiku, basi mnashinda mapokezi mmekalia mabegi.

Hawa walijipanga aisee. Jioni ya kabla kiongozi wetu alileta mizani, kila mtu akapima begi, waliozidisha kilo 23 wakapunguza palepale bila kufunguana mabegi mbele ya foleni eapoti. Akakumbusha pawabenki ziingie begi la mkononi maana kwenye mizigo ya chini haziruhusiwi, na wale wa kurudishiwa kodi ya manunuzi wakagongewe mhuri wa fomu zao forodhani KABLA begi halijaenda, kwa sababu watu wa forodha wanaweza kutaka kuona vitu vyenyewe. Vitu vidogo lakini vinaokoa siku.

Halafu siku yenyewe wakaiacha wazi, na hapa ndo nawapa heko. Walibakiza vyumba viwili vya kuogea, mabegi yakafungiwa, kila mtu akaenda anakotaka mpaka saa 10 jioni. Mzee mmoja wa kundi letu akarudi peke yake makumbusho ambayo tulipitishwa mbiombio, akakaa huko mpaka mchana, alivyorudi alikuwa na furaha kuliko siku zote. Sisi wengine tukatembea tu taratibu bila kufuata kibendera cha mtu, jioni tukakutana bustanini, tukamaliza hesabu za mchango wetu wa pamoja, nani anamdai nani, tukatumiana picha. Hiyo ya hesabu msiidharau jamani, urafiki wa safari huwa unafia kwenye madeni ambayo watu wanaona aibu kuyataja wakisharudi makwao.

Daniel Kahneman, yule mwanasaikolojia wa Nobel ya uchumi ya 2002, alionyesha na wenzake mwaka 1993 kwamba mwisho wa jambo unabeba kumbukumbu kuliko urefu wake. Watu walitia mkono kwenye maji baridi sana kwa sekunde 60, mara nyingine 60 hizohizo na 30 za nyongeza maji yakipashwa moto kidogo, na wengi wakachagua kurudia ile ndefu! Kwa nilivyoona kwenye kundi letu, naamini kabisa.

Mawili wayarekebishe. Basi la eapoti liliondoka kwa kufuata ndege ya kwanza, kwa hiyo wa ndege za usiku wa manane walisota huko masaa kibao. Na bahasha ya tipu ya kiongozi ilizungushwa ndani ya basi yeye mwenyewe akiwa pale, kuna watu walijisikia vibaya na hawakustahili.

Nyota nne. Kabla hujalipia kampuni yoyote waulize mkishatoka vyumbani mnaogea wapi, mizigo inakaa wapi, na basi la eapoti linafuata ndege ya nani.