Hita ya maji ya sola kwa gereji ya nyumbani, Njombe: uzoefu wangu

Ninaandika nikiwa bado na hasira, wala sitaificha. Nyuma ya nyumba yetu hapa Njombe kuna gereji ndogo ambamo vijana wangu hutengeneza pikipiki, na yeyote aliyewahi kutoa grisi mikononi kwa maji ya bomba asubuhi ya Juni, sakitu ikiwa imetanda kwenye majani, anaelewa kwa nini tulihitaji maji ya moto. Hita ya umeme tuliikataa mapema, kwa kuwa kupasha lita 100 kutoka nyuzi joto 15 hadi 60 hula zaidi ya uniti 5 za Luku. Tukachagua ya sola, ile ya paneli bapa yenye tangi juu yake, ambamo maji huzunguka bila pampu kwa sababu ya moto hupanda na ya baridi hushuka.

Ilifungwa kuelekea mwisho wa mwaka juzi, na miezi ya kwanza niliisifu kwa kila mgeni, maana maji yalikuwa ya kuunguza hata siku ambazo mvua ilituachia saa chache tu za jua. Baridi ilipoingia, yaani msimu ule ule tulioinunulia, maji yakawa vuguvugu ilhali anga lilikuwa jeupe kutwa. Fundi wa duka alikuja, akagonga tangi, akasema baridi ya Njombe haina dawa, akaondoka.

Mwanangu aliye sekondari ndiye aliyegundua kwamba paneli zimetazama kusini. Sisi tuko nyuzi 9 hivi kusini mwa ikweta, na mwezi Juni jua huwa la utosini huko nyuzi 23 na nusu kaskazini, kwa hiyo adhuhuri linatupita upande wa kaskazini kwa zaidi ya nyuzi 30. Paneli iliyoinamishwa nyuzi 20 kuelekea kusini hupoteza saa hiyo zaidi ya theluthi ya mwanga ambao ingeupata kama ingetazama kaskazini. Desemba jua huwa kusini kwetu, ndiyo maana hakuna aliyeshtuka mapema.

Nilirudi dukani na kueleza hayo kwa upole. Muuzaji akafungua kitabu cha maelekezo na kunionyesha palipoandikwa kwamba paneli zielekezwe kusini. Nikamwambia kuwa kitabu hicho kimetoka China, nchi iliyo kaskazini mwa ikweta, na huko maelekezo hayo ni sahihi kabisa. Akacheka mbele ya wateja: “Mama, jua ni lile lile. Haya mambo waachie mafundi.” Mwanangu alipotaka kuongea, alimgeuzia mgongo na kuhudumia mtu mwingine. Mtu anauza vifaa vya jua Nyanda za Juu Kusini, kwa watu wanaovinunua kwa ajili ya baridi ya Juni na Julai, hajui jua la Juni hupita wapi, na akiambiwa na mama mtu mzima anacheka!

Nilikusudia kuwaambia msinunue kabisa, lakini nitakuwa nimeudhulumu mtambo. Fundi mwingine wa mtaani alizigeuza paneli, na tangu hapo ifikapo saa nane mchana maji ni ya moto, hata Julai, na vijana wanaosha mikono na vipuri bila kulalamika. Kwa gereji ya nyumbani sijaona cha kuushinda, na aliye na paa linalotazama kaskazini anaweza kununua bila wasiwasi.

Ila si katika duka lile. Matundu ya miguu ya zamani ya paneli yanavujisha mvua juu ya meza ya vipuri, bati mbili zimeharibika, nao wanasema kugeuza paneli lilikuwa shauri langu mwenyewe. Hapana, lilikuwa kosa lao. Gharama ya fundi na ya bati hizo ninaidai, na risiti zote ninazo.