Oti za chenga kwa kifungua kinywa cha majira ya baridi: uzoefu wangu wa pakiti nne

Tangu baridi ianze nimemaliza pakiti nne za oti za chenga, na wiki hii nimefungua ya tano, kwa hiyo ninaandika nikiwa nimezipika vya kutosha kusifu kinachostahili sifa na kueleza kasoro ambazo mtengenezaji wake angeweza kuzirekebisha bila taabu kubwa. Ninaposema oti za chenga ninakusudia punje nzima ya oti iliyokobolewa ganda la nje, kisha ikakatwa kwa visu vya chuma kuwa vipande viwili au vitatu, bila kubanwa wala kusagwa. Ukizimimina kiganjani zinafanana kabisa na chenga za mchele, isipokuwa rangi yake ni kahawia iliyofifia na harufu yake inakaribia ile ya karanga mbichi. Wengi wetu tumezoea kuziita shayiri, lakini shayiri ni nafaka nyingine, na anayeagiza kwa jina hilo anaweza kuletewa kitu kisichopikika kwa namna ninayoieleza hapa.

Kilichonisukuma kuzijaribu ni njaa ya saa nne asubuhi. Ninatoka nyumbani kabla jua halijachomoza, na kazi yangu inanitaka nisimame nje kwa muda mrefu katika upepo. Kwa miaka mitatu nilitegemea oti za papo hapo, zile za vipakiti vidogo ambazo humiminiwa maji ya moto zikawa tayari kwa dakika moja au mbili. Zilikuwa tamu, na sikatai kwamba ziliniokoa siku nilizochelewa kuamka. Hata hivyo, kila ilipofika saa nne tumbo lilikuwa linanguruma na baridi imeshaniingia mifupani, nikawa natafuta kitu chochote cha kutafuna. Nafaka yenyewe haina lawama, kwa sababu oti ni oti: gramu 40 za oti kavu, ziwe chenga au bapa, huwa na takriban kalori 150, gramu 5 za protini na gramu 4 za nyuzinyuzi. Tofauti iko katika namna zilivyotengenezwa. Oti za papo hapo zimepikwa kwa mvuke, zikabanwa zikawa nyembamba mno, na mara nyingi hukatwa tena vipande vidogo, kiasi kwamba wanga wake uko wazi na tumbo halina kazi kubwa ya kufanya. Chenga ni nene, na mwili huzimeng'enya polepole, kwa hiyo sukari huingia kwenye damu kidogo kidogo. Zaidi ya hayo, vipakiti nilivyokuwa nikitumia vilitiwa sukari nyingi, jambo ambalo sikulitilia maanani mpaka nilipokaa siku moja nikasoma maandishi madogo ya nyuma.

Katika oti kuna nyuzinyuzi za aina ya beta-glukani, ambazo huyeyuka majini na kuufanya uji uwe na ule ute unaoteleza ulimini. Ute huo ndio unaochelewesha chakula kutoka tumboni, na ndio uliosababisha Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, mwaka 1997, kuwaruhusu watengenezaji kuandika kwenye pakiti kwamba gramu 3 za beta-glukani kwa siku, pamoja na mlo usio na mafuta mengi mabaya, zinaweza kupunguza hatari ya ugonjwa wa moyo. Kiasi hicho hupatikana katika gramu 75 hivi za oti kavu, ambazo ni bakuli kubwa la mtu mwenye njaa ya kweli. Sikuzinunua kama dawa, lakini nilifurahi kujua kwamba ule ute ambao mwanangu alikuwa akiulalamikia una kazi yake.

Asubuhi ya kwanza nilishindwa. Nilifuata maelekezo ya pakiti neno kwa neno: kikombe kimoja cha chenga, vikombe viwili na nusu vya maji, dakika 15 kwenye moto wa wastani. Dakika 15 zilipotimia maji yalikuwa yamekauka, chini kumeshika ukoko mweusi, na katikati ya kila chenga kulikuwa na kiini cheupe kigumu kilichokwaruza meno. Nilikula kwa kuwa sikuwa na kingine, nikatoka nyumbani nikiwa na hasira. Baada ya kupika mara nyingi nimeridhika kwamba kosa halikuwa langu, maana kiasi kile cha maji na muda ule havitoshi kwa chenga za ukubwa huo. Mnunuzi anayeanza hawezi kulijua hilo. Ataamini kwamba bidhaa ni mbaya, ataitupa kabatini na asiiguse tena. Hii ndiyo kasoro ninayoiona kubwa kuliko zote, nayo inaweza kuondolewa kwa kubadilisha sentensi moja kwenye pakiti.

Namna ninavyozipika sasa imetokana na majaribio ya wiki kadhaa, na ninaieleza kwa kirefu kwa sababu ndiyo inayoamua kama mtu atazipenda au atazichukia. Ninachukua sufuria yenye kitako kizito, kwa kuwa sufuria nyembamba huunguza chini kabla ya juu kuiva, ninayeyusha kijiko cha chai cha siagi, kisha ninamimina kikombe kimoja cha chenga na kuzikaanga kwa dakika tatu au nne huku nikizigeuza kwa mwiko bila kuacha. Mwanzoni hazisikiki, kisha huanza kugongana na sufuria kwa mlio mkavu, rangi inakolea kidogo, na ile harufu ya karanga mbichi inageuka kuwa harufu ya karanga zilizokaangwa. Hapo ndipo pa kusimama. Nikingoja nusu dakika zaidi, uchungu unaingia na hauondoki hata kwa asali. Baadaye ninamimina vikombe vitatu vya maji yanayochemka, nikiwa nimesimama mbali kidogo kwa sababu sufuria hufoka mvuke, ninatia robo kijiko cha chai cha chumvi, na uji ukirudi kuchemka ninapunguza moto mpaka uwe mdogo kabisa.

Kuanzia hapo kazi ni ya moto mdogo na subira. Kwa dakika 20 za kwanza ninakoroga mara chache tu, nikihakikisha mwiko unapita kwenye kitako cha sufuria. Maji hubadilika yakawa ya maziwa, kisha mazito, na mapovu yanayopasuka juu huanza kutoa sauti nzito na kuacha vishimo vinavyochelewa kuziba. Kwa kujua kama zimeiva siangalii saa. Ninatoa chenga moja, ninaibonyeza kwa mgongo wa kijiko kwenye ukingo wa sahani, na kuangalia ndani: ikiwa bado kuna doa jeupe, inahitaji dakika tano zaidi, ikiwa imekuwa na rangi moja inayopitisha mwanga lakini bado inashikana, imeiva. Wakati huo ndipo ninapoongeza kikombe kimoja cha maziwa, nikakoroga mfululizo kwa dakika tano za mwisho. Zamani nilikuwa nikitia maziwa tangu mwanzo, na mara mbili yalifurika nikiwa nimegeuka kufunga viatu vya mtoto, na mara nyingine yalishika chini yakaupa uji wote harufu ya kuungua. Maziwa yakiingia mwishoni, ladha yake inabaki safi na sufuria haisumbui kuosha. Baada ya kuzima moto ninaufunika uji kwa dakika tano ili uzidi kushikana. Kiasi hiki kinatosha watu wanne.

Jumla yake ni karibu dakika 40, nami ninafahamu kwamba asubuhi ya siku ya kazi haina dakika 40. Kilichonitatulia shida ni kuloweka. Jioni ninazikaanga, ninaziacha zipoe, ninazifunika kwa maji baridi katika bakuli lenye kifuniko na kuziweka kwenye friji. Asubuhi ninazimimina sufuriani pamoja na maji yake, na kwa dakika 10 hadi 12 zinakuwa tayari. Uji wa chenga zilizolowekwa ni mlaini zaidi, na anayependa kutafuna ataona amepoteza kitu kidogo, lakini mimi ninaukubali kwa furaha. Anayeishi mahali pa juu, kama ilivyo kwa sehemu nyingi zenye baridi, aongeze muda hata akiloweka. Maji huchemka kwenye joto dogo zaidi kadiri mahali panavyoinuka, na kwenye mwinuko wa mita 2,000 huchemka kwenye nyuzi 93 hivi za selsiasi badala ya 100, kwa hiyo chenga hazipati joto lile lile hata kama mapovu yanaonekana kwa wingi.

Kuhusu vya kuongezea sina mengi ya kusema. Mdalasini na iliki ninavitia pamoja na maji ili viwe na muda wa kutoa harufu. Tende zilizokatwa ninazitia dakika tano kabla ya kuzima moto, zinayeyuka nusu na kuondoa haja ya sukari. Karanga au lozi zilizopondwa ninazinyunyiza mezani ili zisilegee. Chumvi isiachwe hata kama uji utakuwa mtamu, kwa sababu bila chumvi oti huwa na ladha ya karatasi iliyoloa.

Sasa nirudi kwenye pakiti, maana bado nina malalamiko mawili. Pakiti ni ya karatasi, haina namna ya kufungika tena baada ya kukatwa, na oti si nafaka ya kuachwa wazi. Zina mafuta mengi kuliko ngano au mchele, takriban gramu 7 katika kila gramu 100, na ndiyo maana viwandani hupitishwa kwenye mvuke wa moto ili kuvizima vimeng'enya ambavyo vingeyaharibu mafuta hayo. Mvuke huchelewesha kuharibika, hauzuii. Pakiti ya tatu niliyonunua ilikuwa na harufu ya mafuta ya kale nilipoikata, na uji wake uliacha uchungu nyuma ya koo, ingawa tarehe ya mwisho wa matumizi ilikuwa bado miezi miwili. Nilimwandikia mtengenezaji nikaeleza, sikupata jibu, na hilo limenisikitisha kuliko hasara yenyewe. Tangu hapo ninanusa kila pakiti mara tu ninapoikata, kisha ninahamishia chenga kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana, mbali na jiko na mwanga.

Lalamiko la pili ni la maandishi. Oti kwa asili hazina gluteni, yaani protini, ya ngano, lakini mara nyingi huchanganyika na ngano au shayiri shambani, kwenye magari na viwandani, na kwa mgonjwa wa siliaki, ambaye utumbo wake hudhurika kwa gluteni, uchafu mdogo kama huo una madhara makubwa. Pakiti hii haisemi lolote, si kwamba zimetengwa wala kwamba hazikutengwa. Nina rafiki mwenye ugonjwa huo, alikuja kwetu asubuhi moja ya baridi kali, na nililazimika kumnyima bakuli la uji uliokuwa ukifuka mvuke mbele yake kwa kukosa neno moja kwenye karatasi.

Nikizilinganisha na oti bapa za kawaida, zile zinazobanwa baada ya kupitishwa kwenye mvuke, sitasema kwamba chenga ni bora kwa kila mtu. Oti bapa huiva kwa dakika tano hadi kumi kwa vikombe viwili vya maji kwa kimoja cha oti, hutoa uji mlaini unaowafaa watoto wadogo na wazee, na bado ninazo nyumbani kwa siku za haraka. Zinanishibisha mpaka saa tano hivi. Chenga zinanifikisha saa saba, na ninapoingia ndani kula chakula cha mchana sina ile pupa niliyokuwa nayo zamani. Mwanangu wa miaka sita, ambaye alikuwa akiusukuma uji pembeni kwa sababu ya ute, ndiye aliyenishangaza. Siku moja nilipika chenga bila kuloweka, akajaza kijiko, akatulia kidogo, akasema, "Mama, uji wa leo unatafunika," na tangu siku hiyo anauliza kama ni uji wa kutafuna au uji wa kumeza.

Uji unaobaki ninaugawa kwenye vibakuli kabla haujakaa nje kwa saa mbili, nikavifunika na kuviweka kwenye friji, ambako hukaa vizuri kwa siku nne. Ukipoa huganda kama kipande cha sabuni, jambo lililonitia shaka mara ya kwanza, lakini ukitiwa robo kikombe cha maziwa na kupondwa kwa uma kwenye moto mdogo, hulegea ndani ya dakika tano ukarudi kama ulivyokuwa. Sufuria nayo ninailoweka kwa maji baridi, kwani maji ya moto huufanya ute ugande zaidi ukingoni. Jumapili ninapika kikombe kimoja na nusu ili Jumatatu na Jumanne nisiwe na kazi ila kupasha.