Tecsun PL-310ET: kama unataka stesheni za nje ukiwa nyumbani Dodoma

Wanaouliza wasikilize stesheni za nje kwa njia gani nyumbani, jibu langu ni redio ya masafa mafupi (shortwave), na hapa Nkuhungu natumia hii Tecsun PL-310ET. Simu inatoa sauti safi sikatai, ila stesheni ya mtandaoni inayorusha kwa kasi ya data ya 64 kbps inakula kama MB 29 kwa saa, piga masaa matatu kila jioni mwezi mzima unakaribia GB 2.6, bando zima limeishia kwenye habari. FM za hapa zinazojiunga na BBC au DW nazo zinakupa matangazo muda mfupi tu wanarudi kwenye vipindi vyao.

Sasa hii redio inatumia betri tatu za AA, umeme ukikatika we unaendelea kusikiliza. Masafa mafupi inashika kuanzia 1711 mpaka 29999 kHz, na raha yake ni vitufe vya namba, ukishajua masafa ya stesheni unabonyeza umefika. Kwenye kioo kuna namba mbili, ya kwanza nguvu ya mawimbi, ya pili sauti inaizidi kelele kwa kiasi gani, hiyo ya pili ndo ya kuangalia. Ukiiweka karibu na chaja ya simu, TV au hizi taa za LED za bei chee namba inadondoka unabaki na mkwaruzo mtupu, na wengi wanaishia hapo wanasema redio mbovu jamani! Chomoa chaja, toka nayo barazani, utaona inapanda. Ukitaka zaidi bana waya wa mita 5 hivi kwenye antena ncha nyingine funga kwenye mwarobaini, ila wingu likitanda tu utoe huo waya, radi haina mchezo.

Mchana tafuta 15000 mpaka 17000 huko, jua likizama shuka kwenye 9000 na chini yake, maana tabaka la juu angani linalorudisha mawimbi linabadilika na jua.

Kasoro zipo. Haina SSB (ya kunasa mazungumzo ya wapenda redio wanaoongea wenyewe kwa wenyewe), spika ndogo besi hakuna, kwa mziki usinunue. Lakini zile za bei rahisi zilizoandikwa bendi 12 zinashika FM vizuri, masafa mafupi stesheni zinapandana huelewi nani anaongea, bora usubiri ujichange.

Kama unakaa ghorofani hakuna baraza na kuta zimejaa nondo, we chukua simu na spika ya bluetooth tu.